Sijawahi kugusa ile pampu, lakini ni mimi niliyeiunguza

Kila wiki kuna msee ananiuliza huwa nakula wapi. Mnaona video, mnaniona nikibonga mbele ya simu, mnahesabu watazamaji, halafu mnapiga hesabu mnaona hiyo doo haiwezi kulipa hata chumba kimoja Roysambu. Na mko sawa, hailipi. Kinacholipa ni kazi ambayo sijawahi kuitaja hapa kwa sababu nikianza kuieleza watu huanza kuangalia simu zao. Nachukua maandishi ya kiufundi, yaani vile vitabu vya maelekezo ya mashine ambavyo hakuna mtu husoma mpaka mashine igome. Nayapanga kwa njia ambayo kompyuta inaelewa, halafu naandika kanuni za kuyageuza yawe kitabu cha kuchapishwa, kurasa za simu, au chochote kingine mteja anataka. Hizo kanuni zinaitwa stailishiti.

Leo naitaja kwa sababu ilinigharimu shilingi 22,000 na usingizi wa siku mbili, na ilibaki kidogo tu imgharimu mtu mwingine zaidi.

Wacha nianze na venye niliingia. Niliacha chuo mwaka wa pili. Usingoje stori ya kuhamasisha, sikuacha ili nianzishe kampuni. Karo iliisha, mathe akauza alichoweza kuuza, ikaisha tena, nikarudi Githurai na begi moja. Nilikuwa nimesota vibaya. Nikapata kazi kwa saiba moja karibu na steji: kuchapia watu CV, kujaza fomu za KRA, kutoa kopi za vitambulisho. Siku moja akaingia mzee mmoja na faili ya Word kwenye flashi. Ana kampuni ndogo ya kuuza pampu za sola, zile za kuzamisha kwa kisima. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa kurasa 112. Alitaka nibadilishe namba moja.

Namba moja tu. Kina cha mwisho ambacho modeli fulani inaweza kuvuta maji. Lakini hiyo namba ilikuwa mahali sita ndani ya kitabu. Halafu kulikuwa na faili ya pili ya mafundi, na ya tatu, fupi, ya wateja, na kila moja ilikuwa imeguswa na mtu tofauti siku tofauti. Faili moja ilisema mita 80. Nyingine ilisema 60. Ya tatu ilisema 80 kwenye jedwali na 60 kwenye maelezo chini ya lile lile jedwali. Nikamuuliza, "Mzee, ya ukweli ni gani?" Akavua miwani, akaipangusa na shati. Hakuwa anajua.

Hiyo siku sikulala nikifikiria hiyo kitu. Ukiangalia vizuri, Word haikuwa na makosa yoyote. Word hujua kwamba maneno haya ni mekundu, mazito, saizi 14. Haijui kwamba hilo ni onyo. Haijui kwamba hii 80 na ile 80 ya ukurasa wa 47 ni kitu kimoja. Wewe unayesoma ndiye unajua, na ukichoka, hakuna anayejua.

Nikaanza kuchimba, nikakuta kumbe watu waliliona hili tatizo kitambo. Mwaka wa 1969 kule IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walitengeneza lugha ya kuweka alama kwenye maandishi kulingana na kile kitu ni nini, badala ya kinavyoonekana. Waliiita GML, na hizo herufi ni za majina yao matatu, jambo ambalo mimi naliheshimu sana kama mtu wa kujitangaza. Ikazaa SGML, ambayo mwaka wa 1986 ikawa kiwango cha kimataifa, na hiyo ikazaa XML mwaka wa 1998. Katikati hapo, mwaka wa 1991, kampuni ya HaL na wachapishaji O'Reilly wakaanzisha DocBook, orodha ya tegi maalum za kuandikia vitabu vya kiufundi. Kuna tegi ya sura, ya jedwali, ya hatua, ya onyo. Haina tegi ya rangi nyekundu. Unaandika hiki ni nini, basi.

Sasa uzuri uko hapa. Fikiria mwalimu wa darasa na kile kitabu chake cha alama. Ana kitabu kimoja. Kutoka kwa hicho kimoja inatoka ripoti ya kila mtoto ya kupelekea mzazi, inatoka orodha ya kubandikwa ukutani kutoka wa kwanza mpaka yule tunamhurumia, na unatoka muhtasari wa mwalimu mkuu. Alama hazibadiliki. Kinachobadilika ni maagizo: kwa ripoti, chukua mtoto mmoja na masomo yote, kwa ukuta, chukua watoto wote na jumla tu, panga kwa ukubwa. Akirekebisha alama ya Wanjiku ya hesabu kwenye kitabu na kutoa upya, inarekebika kote.

Stailishiti ni hayo maagizo. Lugha yake inaitwa XSLT, na toleo la kwanza lilitoka Novemba 1999, mhariri akiwa James Clark. Ukiiangalia mara ya kwanza utakimbia, ni alama za pembe kila mahali. Lakini wazo ni dogo. Unaandika violezo. Kila kiolezo kinasema: ukikutana na kitu cha aina hii, toa hivi. Ukikutana na sura, anza ukurasa mpya na uiongezee namba. Ukikutana na hatua, iweke kwenye orodha. Programu inatembea ndani ya maandishi yako kutoka juu hadi chini, na kila inapofika inauliza, kuna kiolezo cha hiki? Na CSS, wale mnaotengeneza tovuti, si kitu kilekile. CSS inavalisha kilichopo nguo. XSLT inaweza kuvunja nyumba yote na kujenga nyingine kwa mawe yaleyale: kutoa yaliyomo, kuhesabu michoro, kuandika yenyewe "tazama Sura ya 3", na siku sura ikihama ikawa ya 4, ikaandika 4 bila wewe kukumbuka.

Nikamwambia mzee nitamfanyia kitabu kimoja cha asili, kitakachotoa vitabu vitatu. Tukakubaliana shilingi 45,000. Mimi wakati huo sikuwa nimewahi kushika 45,000 za kazi moja. Alitoa 23,000 kwanza, 22,000 zingine zije baada ya mwezi mmoja wa kutumika.

Wiki tano. Mchana saiba, usiku kitabu. Nilikuwa nasoma mwongozo wa Bob Stayton kuhusu stailishiti za DocBook, uko mtandaoni bure, na nitasema wazi kwamba nilijifunza zaidi pale kuliko semesta zangu tatu zote. Stailishiti zenyewe pia ni za bure. Zilianzishwa na Norman Walsh, na zimepigwa msasa na watu wengi kwa miaka mingi. Maelezo ya PostgreSQL, ile hifadhidata ambayo pengine inabeba programu tano kwenye simu yako, yameandikwa kwa DocBook na kutolewa kwa stailishiti hizo. Unaendesha amri moja, xsltproc, unapata kurasa za HTML. Kwa PDF unapitia hatua ya katikati inayoitwa XSL-FO, halafu programu nyingine, Apache FOP, inapanga kurasa kabisa kama mtu wa kiwanda cha uchapaji.

Na kabla mtu aseme hivi ni vitu vya wazungu: kuna mpango unaitwa Akoma Ntoso, jina la Kiakan, maana yake mioyo iliyounganishwa. Ulianzia kwa kazi ya Umoja wa Mataifa ya kusaidia mabunge ya Afrika kuweka miswada na sheria zao kwa XML, wazo likiwa hili hili, kifungu kijulikane ni kifungu na marekebisho yajulikane ni marekebisho. Mwaka wa 2018 shirika la viwango la OASIS liliukubali uwe kiwango cha dunia nzima. Kitu kilichoanzia kwa mahitaji ya mabunge yetu, wengine sasa ndio wanakifuata. Hakuna mtu alinifundisha hiyo darasani.

Turudi kwa pampu.

Kitabu cha kuchapishwa kilitoka safi. Nilitumia stailishiti za Walsh kama zilivyo, nikaongeza juu yake safu yangu ndogo: nembo, saizi ya karatasi, na mahali palipoandikwa "Caution" pakawa "Tahadhari". Hiyo ndiyo njia inayoshauriwa. Unaleta kazi ya wakubwa yote, unabadilisha tu pale unapotaka, na kila usichogusa kinabaki kikifanya kazi.

Kwa ya simu, manze, nilijifanya fundi. Nikaona kurasa zinazotoka ni za kizamani, haziko kama zile app tunapenda. Halafu kuna tabia moja ilikuwa inaniudhi: zile stailishiti zikikutana na tegi zisiyoijua zinalalamika kwa maandishi, halafu zinaichapa kwa rangi nyekundu katikati ya ukurasa. Nikaona ni aibu. Nikaamua kuandika stailishiti yangu ya simu kutoka sifuri. Mistari 90 hivi. Sura, hatua, picha, jedwali, onyo, dokezo. Ikatoka tamu. Nyepesi, inafunguka hata na bando ya shilingi 10. Nilipiga picha ya skrini nikaweka kwa stetasi yangu ya WhatsApp. Mzee akafurahi, akawatumia mafundi wote linki.

Kitu ambacho sikufikiria ni hiki. DocBook ina tegi kadhaa za kumshtua msomaji, na mbili kati ya hizo mimi nilikuwa nazitumia kwa kazi tofauti: "warning" kwa kinachoweza kuumiza mtu, "caution" kwa kinachoweza kuharibu mashine. Kwenye ile stailishiti ya mistari 90 niliandika kiolezo cha "warning". Cha "caution" nilisahau.

Ukisahau kiolezo, XSLT haisimami. Haisemi kitu. Ina kanuni zake za ndani za kuokoa hali: isipopata kiolezo cha tegi, inaingia ndani ya hiyo tegi, inachukua maneno, inayamwaga tu kwa ukurasa yakiwa uchi. Kwa hivyo hakuna neno lililopotea. Ningesoma ukurasa ule haraka ningeona maneno yote yapo. Kilichopotea ni kisanduku, ile alama ya pembetatu, na neno Tahadhari juu yake.

Kati ya hatua ya 6 na ya 7 kulikuwa na tahadhari inayosema usiwashe kidhibiti kabla ya kuunganisha waya wa sensa ya maji, pampu ikizunguka bila maji itaungua. Juu yake kulikuwa na picha ya kidhibiti. Kwenye kitabu cha karatasi ni kisanduku ambacho hata mtoto hawezi kukiruka. Kwenye simu ilikuwa sentensi nyembamba chini ya picha, na kila mtu aliyewahi kutumia simu anajua maandishi madogo chini ya picha ni maelezo ya picha. Huwa hatuyasomi. Tunashuka.

Fundi mmoja alikuwa Makueni, kwa shamba la mtu, jua la saa saba. Hakuwa amebeba kitabu cha karatasi, na kwa nini abebe, si bosi alimwambia kiko kwa simu? Akafuata hatua ya 6, akashuka kwa hatua ya 7, akawasha. Kisima kilikuwa kimeshuka maji siku hiyo. Kufika jioni pampu ilikuwa imeungua.

Niliyajua haya kupitia grupu la WhatsApp la kampuni, kwa sababu mzee aliniweka humo siku ya kuzindua linki. Ilikuwa Alhamisi. Mzee aliandika kwamba pampu ni shilingi 68,000 na itakatwa kwa fundi pole pole, kwa sababu tahadhari iko wazi kabisa kwenye kitabu, ukurasa wa 31. Akatuma picha ya ukurasa. Kisanduku changu kizuri. Fundi akajibu, "Bosi, mimi nilifuata ya simu, hakuna mahali imeandikwa." Akatuma picha ya skrini. Watu wakaanza kumcheka, kwamba soma tena mzee, si hiyo hapo chini ya picha? Kweli ilikuwa hapo. Kila neno.

Mimi nikaikuza ile picha, nikaona, tumbo likashuka.

Nataka muelewe hali yenyewe. Hakuna mtu mwingine kwa hilo grupu angeweza kujua. Bosi anaona maneno yapo. Mafundi wenzake wanaona maneno yapo. Hata yeye mwenyewe fundi alianza kuandika pole, labda sikusoma vizuri. Na 22,000 zangu zilikuwa zinaingia Jumatatu. Nilikuwa tayari nimeahidi mathe elfu kumi za kujaza stoki ya kibanda.

Ijumaa nilirekebisha kimya kimya. Kiolezo kimoja, mistari minne, dakika tano. Nikapandisha kurasa mpya. Sasa ukifungua linki kisanduku kipo, na yeyote atakayemwangalia fundi na picha yake ya skrini atadhani alikuwa na simu mbovu. Hiyo sehemu ndiyo inaniaibisha mpaka sai. Kusahau, watu husahau. Lakini nilifuta alama zangu halafu nikaenda kununua chipsi.

Usiku mathe akaniuliza mbona sili. Nikamweleza kwa kuzunguka, kama ni stori ya rafiki. Mathe huwa na daftari la madeni kwa kibanda, kila mtu na ukurasa wake, na hajawahi kuandika deni la mtu kwa ukurasa wa mwingine. Hakunipa mawaidha. Aliuliza tu, "Na huyo fundi anakatwa ngapi kwa mwezi?" Sikuwa nimefikiria hiyo hesabu. Nikaifanya kichwani. Elfu nne kwa mwezi ni miezi 17.

Jumamosi asubuhi nikampigia mzee. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini nilisema, "Mzee, ile sentensi ya simu haikuwa na kisanduku. Karatasi ilikuwa nayo, simu haikuwa. Ni mimi niliiacha. Nimeshairekebisha jana bila kuwaambia." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Akasema nimtumie ushahidi. Nikamtumia faili ya zamani na mpya. Akauliza hiyo caution ziko ngapi kwenye kitabu. Nilikuwa nimehesabu: 14. Zote 14 zilikuwa uchi kwa mwezi mzima, na imeungua pampu moja.

Fundi hakukatwa. Mzee alibaki na zile 22,000 na hakusema zaidi. Kwa grupu aliandika tu kwamba kosa lilikuwa la kitabu. Fundi akanitumia ujumbe wa kando, "Asante kijana," na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana, kwa sababu yeye hakuwa anajua kuhusu Ijumaa. Sasa anajua, akisoma hii.

Najua mtaandika hapo chini kwamba siku hizi weka kila kitu kwa AI itakupangia. Wekeni. Mimi pia huitumia kunipunguzia kuchapa. Lakini kwa stori yangu maneno yalikuwa sahihi, tahajia sahihi, mpangilio wa hatua sahihi. Mtu akisoma mstari kwa mstari asingeona kosa. Na wengine mtaniambia XSLT inakufa, kwamba mwaka wa 2025 watu wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa ndani ya kivinjari. Ni kweli walitangaza. Mimi huigeuza kwa laptopu yangu kabla haijafika kwa kivinjari chochote, kwa hivyo bado nakula.

Miezi mitano baadaye mzee alinipigia tena. Kuna modeli mpya, kitabu cha kurasa 140. Bei aliishusha hadi 30,000 na sikubishana. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba ya simu itakaa juu ya stailishiti za Walsh kama ile ya karatasi, hata ikionekana ya kizamani. Sharti lake pia lilikuwa moja, fundi yule wa Makueni asome ya simu, kwa simu yake mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na kuna mteja mwingine mdogo, wa mashine za kutotolesha vifaranga, ambaye yeye lazima nimwandikie stailishiti fupi ya kwangu. Hiyo nayo sai inaanza na kiolezo cha nyota, match="*", kile kinachoshika kila tegi ambayo haina mwenyewe. Nimekiambia kisimamishe kazi yote papo hapo na kitaje jina la alichokikuta. Jana usiku saa sita nilitaka kumaliza nilale, nikaendesha amri, ikakata katikati: sijui "footnote". Nikaweka maji ya chai kwa jiko, nikarudi kuandika cha "footnote".